Sura Moja, Miaka Mingi: Namna ya Kujipiga Picha Zinazoonesha Ulivyobadilika

Karibu kila mtu mzima hapa Moshi ana bahasha au droo yenye picha alizopigwa kwa kuamriwa: paspoti saizi ya fomu ya shule, ya maombi ya kazi, ya leseni, ya bima, ya mkopo wa kikundi. Katika zote alielekezwa akae wima, atazame mbele na asicheke, huku nyuma yake pametundikwa kitambaa cha buluu au cheupe. Picha hizo hazikukusudiwa kusema lolote zaidi ya kwamba huyu ndiye yeye. Hata hivyo, ukizipanga mezani kwa kufuata miaka, utaona jambo ambalo hakuna ofisi iliyoliomba. Kwa kuwa umbali, mkao na mandhari ya nyuma vimebaki vilevile, kila kilichobadilika kinajitokeza chenyewe: mashavu yaliyojaa na kisha yakapungua, nywele zilizosukwa, zikanyolewa na kurudi na mvi, macho yaliyoiogopa kamera na ambayo baadaye yanaitazama bila wasiwasi.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja. Mtu anayetaka kuchunguza utambulisho wake na mabadiliko yake kwa kujipiga picha anapaswa kuchagua kitu kimoja na kukishikilia kisibadilike, ili mengine yapate kuonekana yanavyobadilika. Selfi tunazopiga kila siku haziwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu kila moja ina pembe yake, mwanga wake na nia yake ya kupendeza, hivyo ukiziweka nyingi pamoja huwezi kujua kama kilichobadilika ni wewe au ni taa ya ukumbini.

Waliotangulia

Kujipiga picha kulianza karibu pamoja na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1839 Robert Cornelius alijipiga mjini Philadelphia, Marekani, katika picha ambayo ni miongoni mwa za kwanza kabisa za aina hiyo. Mwaka uliofuata Hippolyte Bayard, Mfaransa aliyekuwa amebuni njia yake ya kutengeneza picha lakini akaona sifa zikienda kwa Louis Daguerre, alijipiga akiwa amefumba macho na kifua wazi, kama maiti ya mtu aliyezama majini, na nyuma ya picha akaandika malalamiko yake. Tangu siku hizo za mwanzo, basi, mwenye kamera alijua kwamba anaweza kujionesha alivyo, na pia anaweza kujigeuza mtu mwingine ili aseme kweli ambayo sura yake ya kawaida haikuweza kuibeba.

Kwetu Afrika, mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa Samuel Fosso. Alizaliwa Kamerun mwaka 1962, akakulia Nigeria, na baada ya vita vya Biafra akahamia Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13, alifungua studio yake mwenyewe. Mchana alipiga wateja. Jioni, filamu ilipobaki na nafasi chache ambazo zingepotea bure, alizimalizia kwa kujipiga mwenyewe akiwa amevalia kama kijana wa mitindo ya wakati ule, na baadhi ya picha hizo akamtumia bibi yake Nigeria ili ajue kwamba mjukuu yu salama. Ninawaomba wanaoanza waishike habari hiyo vizuri, kwa kuwa ndani yake mna mambo mawili wanayoyahitaji: Fosso hakutumia kifaa chochote zaidi ya kile alichofanyia kazi, na alijua ni nani atakayezitazama picha zake. Mwaka 2008 alitengeneza mfululizo ambamo alijigeuza Patrice Lumumba, Kwame Nkrumah, Haile Selassie, Angela Davis na wengine, akirudia picha zao mashuhuri kwa uso wake mwenyewe. Kitu kisichobadilika katika kazi hiyo yote ni mwili wake. Historia ya watu Weusi ndiyo inayopita juu yake.

Zanele Muholi wa Afrika Kusini alianza mwaka 2012 mfululizo wa picha za kujipiga ambamo vitu vya kazi za nyumbani vinageuka mapambo ya kifalme: vibanio vya nguo vinakuwa taji, sponji za chuma zinakaa kichwani kama kilemba. Mama yake, Bester, alifanya kazi za ndani kwa miaka mingi katika nyumba ya Wazungu, na picha zinazobeba jina la mama huyo zinamweka mahali ambapo mwajiri wake hakumweka. Muholi pia alikoleza picha hizo kwa makusudi hadi ngozi ikaonekana nyeusi kuliko ilivyo, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha programu za simu zinazotung'arisha bila kutuuliza.

Swali kwanza, kamera baadaye

Usianze na swali la "mimi ni nani?" kwa sababu ni pana mno, na kamera hushughulika vizuri zaidi na mambo yaliyo mahali fulani, siku fulani. Tafuta swali linaloweza kujibiwa na mwili, vazi au chumba. Mama aliyehama Rombo na kuja kuishi Pasua, hapa mjini, anaweza kuuliza ni nini cha nyumbani kimebaki katika namna anavyokaa, anavyofunga kanga, anavyoshika kikombe. Mstaafu anaweza kuuliza mikono yake inafanya nini saa ambayo zamani ilikuwa kazini. Binti aliyefanyiwa sendofu mwaka huu anaweza kutaka kujua siku ipi hasa alianza kuonekana, machoni pake mwenyewe, kama mke wa mtu. Aliyepona ugonjwa uliougeuza mwili wake anaweza kuuliza kama kovu ni lake au bado ni la hospitali.

Liandike swali hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sentensi moja, pamoja na tarehe. Kila unapojipiga, andika katika ukurasa mpya ulivaa nini, ilikuwa saa ngapi, nani alikuwepo nyumbani, na ulijisikiaje kabla ya kukaa. Baada ya wiki kadhaa huenda swali likajigeuza. Likigeuka, andika jipya chini ya lile la kwanza na uliache la kwanza lisomeke, maana kugeuka huko ni sehemu ya unachokitafuta.

Baada ya swali, chagua kitakachobaki vilevile. Kinaweza kuwa mahali, vazi, tendo au saa ya siku, lakini kiwe kimoja. Kwa anayeanza ninashauri mahali: kiti kimoja, ukuta mmoja, dirisha moja. Weka alama sakafuni kwa chaki au kwa gundi ya karatasi pale miguu ya kiti inapokaa na pale stendi ya simu inaposimama, kisha pima urefu wa simu kutoka sakafuni kwa kamba yenye fundo na uitunze kamba hiyo pamoja na daftari. Kazi hii inachosha na wengi huiruka. Asiyeiruka ndiye atakayeona, miezi sita baadaye, kwamba mabega yake yameshuka au yameinuka, kwa kuwa hakuna kingine katika picha kilichosogea.

Anayeishi mbali na kwao ana nafasi ya kipekee. Kila Desemba mabasi na magari madogo hupandisha watu Marangu, Machame, Kibosho na Rombo kwa ajili ya Krismasi, na mtu hujikuta amesimama tena katika kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, kilekile alichokulia. Asimame mahali pamoja kila mwaka, kwa mfano kando ya mpaka wa masale, mimea ambayo Wachagga huipanda kuonesha mipaka, ambao kwa kawaida hausogezwi, huku migomba nyuma yake ikizaa, ikikatwa na kuchipua mingine. Picha moja kwa mwaka yatosha. Mfululizo wa aina hii hauna haraka, na nguvu yake hutoka katika kurudi penyewe.

Mwanga wa hapa na ngozi yetu

Moshi ipo nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta, na jambo hilo lina maana kubwa kwa anayetegemea mwanga wa dirisha. Mwezi Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu utosini na kuangusha kivuli kizito ndani ya vishimo vya macho na chini ya pua. Katikati ya mwaka jua hupita upande wa kaskazini, upande wa Mlima Kilimanjaro, kwa hiyo dirisha linalotazama kusini kuelekea tambarare za mashamba ya miwa ya TPC hupata mwanga laini usio na miale ya moja kwa moja. Mwishoni mwa mwaka mambo hugeuka: jua lipo kusini, na dirisha linaloelekea Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ndilo lenye mwanga tulivu. Kwa wakazi wa Arusha hesabu ni hiyohiyo, ila badala ya Kibo wana Mlima Meru. Anayepanga kukaa kwenye kiti kimoja mwaka mzima atambue kwamba mwanga wake utabadilika hata kama hajagusa kitu. Akiwa anataka mabadiliko ya majira yaonekane, auache. Akitaka uso peke yake ndio ubadilike, atundike shuka jeupe dirishani kila anapojipiga.

Nje ya nyumba, saa za kufanyia kazi ni kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 na nusu alasiri hadi jua linapozama. Asubuhi ina faida nyingine kwa anayetaka mlima nyuma yake, kwa kuwa mara nyingi Kibo huonekana mapema kisha hujifunika mawingu. Hata hivyo nashauri mtu afikirie mara mbili kabla ya kuuweka mlima katika picha ya kujitambua. Mlima huo una urefu wa mita 5,895 na umepigwa picha na kila aliyepita hapa. Ukiuweka nyuma yako bila sababu, mtazamaji atautazama wenyewe. Uweke pale tu ambapo una jambo na swali lako, kama unavyokuwa na jambo na maisha ya mtu anayeupanda na mzigo kichwani ili apate ada ya watoto.

Kipindi cha Juni hadi Agosti, ambapo wingu huweza kuufunika mji tangu asubuhi hadi jioni, ndicho kizuri kuliko vyote kwa picha za uso. Mwanga hutoka angani kote kwa pamoja, vivuli huwa vyepesi, na mtu anaweza kufanya kazi hata saa sita mchana uani kwake.

Suala la ngozi linahitaji uangalifu zaidi. Kwa miongo mingi maabara nyingi za picha zilizotumia filamu na karatasi za Kodak zilirekebisha rangi kwa kulinganisha na kadi ya mwanamke Mzungu, na ngozi kama yetu haikuwa kipimo. Kamera za leo ni bora, lakini bado hupima mwanga kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani. Ndiyo maana mtu mweusi akikaa mbele ya ukuta mweupe, kamera hupunguza mwanga na uso wake huzama gizani; naye akikaa karibu na kamera mbele ya kitambaa cheusi, kamera huongeza mwanga na ngozi yake hutoka ya majivu. Katika hali ya kwanza, gusa uso kwenye kioo cha simu kisha ongeza mwanga. Katika hali ya pili, gusa uso kisha upunguze mpaka weusi wa ngozi urudi. Usikubali chaguo la simu kuliko macho yako. Wewe ndiye unayeijua ngozi yako ilivyo, na ngozi ni sehemu kubwa ya jambo unalolichunguza.

Ngozi nyeusi huonesha umbo lake kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Kaa ukiwa umeligeuzia dirisha upande mmoja wa uso, kiasi cha nusu ya robo duara, upake mafuta kidogo kwenye paji na juu ya mashavu, na utaona mfupa wa shavu, mstari wa taya na kona ya paji vikichorwa na mwanga. Upande wa kivuli unaweza kuweka karatasi ya manila nyeupe iliyoegeshwa kwenye kiti ili irudishe mwanga kidogo, au uache giza libaki ikiwa swali lako linahusu jambo ambalo bado hujalielewa. Angalia pia rangi za karibu: ukuta wa kijani hutia ukijani kwenye shavu lililo jirani nao, na kanga nyekundu hupaka wekundu chini ya kidevu.

Kabla ya kwenda mbele, ingia kwenye mipangilio ya kamera na uzime kila kinacholainisha ngozi, kinachokuza macho na kinachong'arisha rangi. Katika simu nyingi vitu hivyo huwashwa tangu dukani. Mtu anayejichunguza kwa kamera iliyokwisha kumbadilisha anachunguza mtu mwingine.

Kamera uliyonayo

Simu yoyote yenye kamera ya nyuma inayoona vizuri inatosha. Tumia kamera hiyo ya nyuma, si ya mbele, na uiweke umbali wa mita moja na nusu hadi mbili, kwa kuwa simu iliyoshikwa kwa mkono ipo karibu mno na huikuza pua huku ikiyasogeza masikio nyuma. Kama huna stendi ya miguu mitatu, tumia stuli na vitabu, ukiegesha simu kwenye kopo lenye mchanga ili isiyumbe. Weka kipima muda cha sekunde 10. Ili uso usitoke na ukungu, simamisha ufagio au tundika koti kwenye kiti kwa urefu wa kichwa chako, bonyeza hapo kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, halafu uondoe ufagio na ukae wewe.

Kamera ya nyuma ina faida nyingine inayohusu kiini cha kazi hii. Uso tunaoujua kama wetu ni ule wa kwenye kioo, ambao kushoto na kulia kwake kumebadilishana na kunavyoonekana na wenzetu. Kamera ya mbele hutuonesha uso huohuo wa kioo wakati wa kupiga. Kamera ya nyuma hutoa ule ambao mama, mume, jirani na mwalimu wamekuwa wakiutazama miaka yote: mgawanyo wa nywele umehamia upande wa pili, alama ya shavuni imebadili upande, tabasamu linainamia kwingine. Watu wengi wakiuona mara ya kwanza huhisi kwamba picha imeharibika, wakaifuta. Ninasihi isifutwe. Huo ndio uso wako kwa wengine wote, na hisia ya ugeni unayoipata ukiutazama ni mahali pazuri pa kuanzia.

Unapokaa, soma swali lako kwa sauti kabla ya kubonyeza. Picha za mwanzo za kila kikao huwa za mtu anayejitayarisha kutazamwa, kwa hiyo endelea mpaka mwili uchoke kujitayarisha. Piga ukiitazama kamera, kisha ukilitazama dirisha, kisha ukiwa umefumba macho. Kikao cha nusu saa kinatosha.

Mavazi, vitu na uso wa kazini

Fosso alijigeuza kwa nguo, na Moshi imejaa nguo zilizokwisha kuishi maisha ya watu wengine. Katika soko la mitumba la Memorial mtu anaweza kupata koti la ofisi, gauni la sherehe au sare ya kazi asiyowahi kuifanya kwa fedha kidogo. Zoezi ninalolipenda ni hili: nunua vazi moja ambalo ungelivaa kama maisha yako yangekwenda njia ile uliyoiacha, mathalani koti jeupe la muuguzi kwa aliyekatishwa masomo. Kaa nalo kwenye kiti chako kilekile, kwa mwanga uleule, kisha kaa ukiwa na nguo zako za kila siku, na mwishowe shika lile koti mkononi bila kulivaa. Mara nyingi picha ya tatu ndiyo inayosema, kwa kuwa ndani yake mtu hajifanyi kuwa mwingine wala hajifanyi kwamba hakuwahi kutaka.

Vitu vya urithi vina uzito wa aina yake. Kanga ya marehemu mama, kofia ya babu, kibuyu, jembe lililolika ncha, daftari la chama cha ushirika la mzee aliyekuwa mkulima wa kahawa: kimoja tu kati ya hivyo kwenye mapaja yako kinaweza kubadilisha namna unavyokaa. Usirundike vitu. Kila kitu cha ziada ni swali la ziada, na picha yenye maswali mengi haijibu hata moja.

Kuna aina moja ya mabadiliko ambayo sisi wa Moshi na Arusha tunaifahamu kuliko wengi nchini, nayo ni ile ya mtu anayeishi kwa kupokea wageni. Waongoza watalii, wagumu wanaobeba mizigo mlimani, wahudumu wa hoteli, wauzaji wa vinyago na wapishi wa kambini huvaa uso wa kazi tangu alfajiri, na wengi wao wamepigwa picha na wageni mara nyingi kuliko walivyowahi kujipiga wenyewe. Picha hizo zipo kwenye simu na kuta za nyumba za mbali, zikimwonesha mtu jinsi mgeni alivyotaka kumwona. Kwa mtu wa kazi hizi ninapendekeza mfululizo mfupi wenye kitu kimoja tu kisichobadilika, yaani kiti kilichowekwa mlangoni pa nyumba yake. Ajipige anapotoka kazini akiwa bado na sare na tabasamu lake. Ajipige tena akiwa ameoga na kukaa kwa saa nzima. Ajipige siku isiyo na kazi wakati msimu wa wageni umekwisha na masika yameanza. Aziweke zote tatu kando ya picha moja aliyopigwa na mgeni, kama anayo. Sijui zoezi lingine linaloonesha kwa uwazi zaidi ni sehemu gani ya uso ni ya mshahara na ipi ni ya mwenyewe, na naamini kila mtu wa kazi hizo anastahili kuiona tofauti hiyo kwa macho yake.

Mipaka ya kujigeuza

Kujigeuza kuna mipaka, na hapa kwetu mipaka hiyo inajulikana hata kama haikuandikwa. Vijana wa Kimaasai waliotoka kutahiriwa, ambao huonekana kando ya barabara za mkoa wa Arusha wakiwa na mavazi meusi na nyuso zilizopakwa rangi nyeupe, wapo katikati ya kuvuka kutoka utoto kwenda ujana. Mavazi yale yanatangaza hatua hiyo kwa jamii yao. Mtu asiyetoka katika jamii hiyo asiyavae kwa ajili ya picha, hata kama anaona yanafaa mada ya mabadiliko, na hasa kwa sababu yanafaa. Kama bibi yako alikuwa Mmaasai na unataka kuutazama upande huo wa damu yako, nenda kwanza kwa mkubwa wa ukoo huo, umwamkie, umweleze nia yako na umsikilize. Huenda atakupa shanga moja yenye historia ya kweli, ambayo itakufaa kuliko mavazi yote ya kukodi.

Vilevile, katika vihamba vingi wazee wamezikwa palepale nyumbani, na masale yamepandwa kando ya makaburi yao. Kujipiga picha hapo ni jambo zito lenye maana, lakini lipate ruhusa ya mkubwa wa boma. Mtoto akiingia katika fremu, mzazi mwenzako aridhie kabla picha haijaonwa na wengine.

Anayefanya kazi hii baada ya msiba, talaka au ugonjwa asifanye peke yake kabisa. Awepo ndugu au rafiki chumba cha pili, na kikao kikiwa kizito kuliko alivyotarajia, akiache siku hiyo.

Picha isiyo na uso

Si lazima uso uonekane. Kivuli chako kirefu kwenye vumbi saa 1 asubuhi, mgongo wako kwenye kioo cha saluni, mikono, nyayo, au sura iliyotiwa ukungu kwa kugeuza kichwa wakati kamera inapokea mwanga kwa sekunde nzima jioni, vyote vinaweza kuwa picha yako. Njia hii ninawashauri zaidi wale ambao swali lao linahusu kipindi wasichokikumbuka vizuri, au ambao kwa sababu za usalama au za familia hawawezi kuonesha sura.

Kuchagua na kutunza

Usichague siku uliyopiga. Acha wiki moja ipite, kisha peleka picha chache studio zikasafishwe kwa saizi ndogo, maana kwenye kioo cha simu mtu hutazama picha moja moja na kuifuta ile isiyompendeza, lakini zikiwa karatasini juu ya meza huziona zikizungumza zenyewe kwa zenyewe. Ziweke pamoja na zile paspoti saizi za miaka ya nyuma. Ondoa kwanza zinazorudia jambo lilelile, halafu tazama zilizobaki ukijiuliza ipi imekuonesha kitu ambacho hukukijua kabla ya kukaa kitini. Picha nzuri isiyokuonesha kitu iweke kando bila majuto, kwa kuwa ina kazi nyingine. Mwite mtu mmoja unayemwamini, mwombe azipange anavyoona yeye bila kukuuliza chochote, na uandike mpangilio wake kwenye daftari kabla hujaurudisha wako.

Tunza nakala mahali pawili, kwa mfano kwenye flashi na kwa ndugu, kwa sababu simu hupotea na mfululizo wa miaka mitatu hauwezi kupigwa upya. Ukizituma kwa programu za ujumbe, zitume kama faili la hati, la sivyo zitapunguzwa ubora. Kila faili lipewe jina lenye mwaka, mwezi na siku, ili lijipange lenyewe. Ukiamua kuzionesha kwa watu, kila picha iambatane na mstari mmoja tu wa tarehe, mahali na kile kilichobaki vilevile, na maelezo ya hisia yabaki kwenye daftari lako. Kwa kuwa simu nyingi huhifadhi ndani ya picha taarifa za mahali ilipopigwa, zizime au uziondoe kabla ya kuituma kokote, hasa kama kiti chako kipo chumbani unakolala.